Samaki Anayemhifadhi Mwanawe Kinywani



Sisi watu wa pwani hudhani kwamba elimu ya samaki imeanzia kwetu na kuishia kwetu. Twawajua changu, tafi na nguru tangu utotoni, na mtu wa bara akisumbuliwa na mwiba mezani, twamcheka. Likizo iliyopita tulikwenda bara pamoja na ahali zetu na wajukuu, na huko tukafunzwa adabu na samaki wa bwawani.

Binti yetu ameolewa Embu. Mumewe ni kijana aliyesilimu. Mamake, ambaye yu katika dini yake, anaishi Imenti Kusini, upande wa Meru. Siku ya nikaha, miaka sita iliyopita, tulitamka neno. Wazee wa Kimeru na Kiembu hawakuwa wakila samaki. Wengi walimhesabu kuwa jamaa ya nyoka. Basi tukauliza kwa mzaha, na sauti tukaipaza: “Watu wasiomjua samaki watamlisha nini mtoto wetu?” Watu wakacheka. Mama yule alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, na Kiswahili akijua vyema. Hatukumwomba radhi, wala hatukumzuru tangu siku ile.

Safari hii binti yetu alishikilia twende. Tulitoka Embu asubuhi, tukavuka mto Thuci, tukapita Chuka, kisha tukavuka Nithi na Mutonga. Mito hiyo yote hushuka kutoka Mlima Kenya ikaingia Tana, na Tana humwaga maji yake baharini, Kipini. Mke wetu akasema, “Kumbe maji ya wakwe zetu ndiyo yatufikiayo sisi.” Tulinyamaza.

Chini ya migomba ya mama yule mna bwawa. Serikali ilipoanzisha mpango wa ufugaji wa samaki mwaka 2009, mabwawa ya mita mraba 300 yalichimbwa sehemu nyingi za nchi, Meru ikiwamo. Marehemu mumewe alichimbiwa moja, alipofariki, likakauka.

Sasa lilikuwa limejaa. Watoto walichungulia wakaona maji ya kijani tu. “Hamna samaki humu!” akasema mmoja. Nyanya yao akatupa konzi ya chakula, na maji yakachemka kwa migongo ya perege. Wakapiga kelele za furaha, na mdogo wao akapoteza kiatu matopeni.

Mkwe wetu akavua perege jike kwa wavu, akamshika juu ya beseni. Kinywani mwake vikatoka vifaranga, vidogo kama punje za mchele, makumi kwa makumi. Akatia vichache katika chupa ya kioo ili watoto wavitazame, kisha akatueleza: perege jike huyaatamia mayai kinywani, yakianguliwa, watoto huogelea karibu naye, na wakiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama.

“Naye hula nini siku hizo?” akauliza mke wetu.

“Karibu hali kitu, mama.”

Wanawake wakatazamana. Sisi tulikitazama kinywa kile, tukakikumbuka chetu. Mola amempa kiumbe asiye na akili kinywa, akakifanya ngome ya wanawe. Nasi tuliohifadhishwa Qur’ani tangu utoto, kinywa chetu tulikifanya nini?

Adhuhuri, baada ya swala, tuliandaliwa chakula. Mama yule alikuwa amemuuliza mwanawe sheria yetu, akaambiwa samaki hahitaji kuchinjwa. Basi akanunua sufuria mpya na mafuta mapya, akatukaangia perege, tule bila shaka moyoni.

Hatukuweza kunyoosha mkono kabla ya kusema. Tukamwomba radhi pale pale, mbele ya watoto, kwa kuwa kosa lenyewe lilitendwa mbele ya watu.

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: “Sheikh, usiku ule nililia. Asubuhi nikasema, huyu mtoto akija kwangu asikose samaki. Ndipo nikalirudishia maji bwawa la mzee.” Akatabasamu. “Mimi mwenyewe nimeanza kumla mwaka jana tu. Miba bado yanisumbua.”

Safari hii hakuna aliyecheka ila yeye. Mke wetu akasogea, akamchambulia miba.

Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Enyi wazazi, wapelekeni watoto wakaone viumbe vya Mola wao. Na kama mna mkwe mliyemjeruhi kwa neno, pitieni kwake kwanza. Msingoje miaka sita kama sisi.

Ewe Mola, zihifadhi ndimi zetu, na uwaunganishe jamaa zetu wa pwani na wa bara. Amin.