KUCHAKAA SI KUTU



Leo tujifunze kutoka kwa bunduki ya mchunga ng'ombe.

Kwenye ranchi za Marekani, kule Texas, Wyoming na Montana, bunduki ni chombo cha kazi, kama jembe na panga nyumbani kwako. Mojawapo ya zilizopendwa sana ni Winchester ya 1894, iliyobuniwa na John Browning. Zaidi ya milioni 7 zilitengenezwa. Ni nyepesi na nyembamba, inaingia vizuri kwenye mfuko wa ngozi kando ya tandiko la farasi. Siku hizi hupanda pikapu. Kazi yake ni kumfukuza mnyama anayewinda ndama, kumuua nyoka mwenye sumu, kumkatizia mateso ng'ombe aliyevunjika mguu.

Ukiiona utadhani imetupwa. Rangi imefutika pale mkono unaposhika. Ngozi imeusugua mtutu hadi chuma kimebaki cheupe. Kitako kimejaa mikwaruzo. Wakusanyaji wa bunduki za kale hulipa zaidi kwa ile isiyotumika, inayong'aa kabatini. Lakini ya kabatini haijaokoa ndama hata mmoja!

Mpendwa, kuchakaa si kutu. Kuchakaa huletwa na kazi. Kutu huletwa na kuachwa.

Lakini sikiliza hapa. Ile rangi iliyofutika ndiyo iliyosaidia kuzuia kutu. Na jasho la mkono lina chumvi, nayo chumvi hula chuma. Kwa hivyo kinachotumika sana ndicho kinachohitaji mafuta zaidi. Mwenye ranchi mwenye busara huipangusa bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta, kisha akasafisha ndani ya mtutu, mahali macho ya watu hayafiki.

Nasema na wewe mama wa maombi ambaye magoti yanauma. Nasema na wewe shemasi unayefungua kanisa alfajiri na kulifunga usiku. Umebeba mizigo ya watu hadi umechoka, na moyoni umeshaanza kuandika barua ya kuacha huduma. Shetani anakuambia umeisha. Hujaisha! Umetumika bila kupakwa mafuta.

Soma 2 Samweli 1:21. Daudi akimlilia Sauli, anaitaja ngao yake iliyolala bila mafuta. Kisha soma Marko 1:32-35. Yesu alihudumia wagonjwa jioni, jua lilipokuwa limeshatua, na kabla ya mapambazuko alikuwa peke yake, akiomba. Ikiwa Mwana wa Mungu alirudi mahali pa siri baada ya kazi, wewe ni nani usirudi?

Usiku wa leo zima simu. Usiombee kwaya, usimwombee mchungaji, usiombee hata watoto. Kaa mbele za Bwana kwa ajili ya nafsi yako tu, hadi akupake tena mafuta mabichi.

Na kama unamjua mtumishi aliyechakaa, usimcheke. Mpigie umwombee.

Kama neno hili ni lako, sema AMINA.