Nani Anaisha Ili Wewe Ung'ae?

Leo sitaanza na andiko. Nitaanza na mashine ya boti.

Kanisani kwetu hapa Kilifi tuna kikundi cha wavuvi. Miaka miwili iliyopita walinunua mashine iliyotumika, ya nguvu za farasi 15, na mimi mwenyewe niliiombea pale ufuoni. Waliitunza. Oili walibadilisha, plagi walisafisha, wakirudi kutoka baharini wanaisuuza kwa maji ya mfereji. Mwezi uliopita wakaniita. Rangi ya mguu wa mashine ilikuwa inafura na kubanduka, na chini yake chuma kimeanza kutoboka vishimo. "Pasta, tuombee."

Nikawaambia, tutaomba, lakini kwanza twendeni kwa fundi.

Fundi ni mzee wa Kiislamu, mtu wa heshima zake. Hakuuliza habari za petroli. Aliinama, akapapasa juu ya propela, akafungua bolti moja, akanipa kitu mkononi. "Mchungaji, hii ni zinki. Mara ya mwisho mliiangalia lini?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejua kwamba ipo. Ilikuwa imebaki kama kile kipande cha mwisho cha sabuni bafuni.

Mzee akatueleza. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, zinakuwa kama betri. Umeme mdogo unapita, na metali moja inaanza kuyeyuka. Zinki inafungwa pale makusudi ili iliwe yenyewe, na aluminiamu ya mashine ibaki salama. Si jambo la jana. Mwaka wa 1824 mwanasayansi Mwingereza, Humphry Davy, alionyesha kwamba shaba iliyofunika meli inaweza kulindwa kwa njia hiyo hiyo.

"Ikifika nusu, badilisha," mzee akasema. "Usingoje iishe. Ikiisha, chumvi haiendi nyumbani. Inahamia kwenye mashine."

Akasugua mahali pa kuifungia kwa brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga mpya, akakaza. Kijana mmoja akauliza kama tuipake rangi ifanane na mashine. Mzee akacheka. "Ukiipaka rangi umeifunga mikono. Haifanyi kazi tena." Halafu akatuambia kwamba mashine nyingi zina nyingine zilizofichwa ndani, kwenye njia za maji ya kupoza injini. Hizo huzioni mpaka ufungue.

Mpendwa, neno hilo nilienda nalo nyumbani: huzioni mpaka ufungue.

Nilifika saa mbili usiku. Mama watoto alikuwa jikoni anawapikia wageni wangu. Nikafungua droo kutafuta kiberiti, nikakuta kadi yake ya kliniki ya presha. Alikuwa amekosa tarehe tatu. Nilizikumbuka zote. Ya kwanza tulikuwa na mkutano wa injili. Ya pili nilileta wachungaji sita chakula cha mchana bila kumwambia mapema. Ya tatu alibaki kuninyoshea suti ya kuhubiria mazishini.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu bila hasira, "Baba, ungeniuliza ningekwambia."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia. Watu huniambia, Pasta unang'aa, Pasta una upako. Kumbe kuna mtu alikuwa anaisha ili mimi ning'ae. Na kila Jumapili nilimpaka rangi: keti mbele, tabasamu, wewe ni mama mchungaji.

Chuo cha Biblia nilifundishwa kueleza Waebrania 10, kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, ikatosha. Zinki ya boti inabadilishwa tena na tena. Sadaka ya Kalvari haibadilishwi, haiongezewi. Basi mimi ninayehubiri hivyo madhabahuni, kwa nini nyumbani nilimgeuza mke wangu kuwa sadaka ya pili? Hakuna mtu aliyeumbwa ili aishe kwa ajili ya huduma yako. Hata Musa, katika Kutoka 18, mkwewe alimwonya kwamba atachoka yeye na watu pia.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kliniki mwenyewe. Nikaketi kwenye benchi, simu nimezima, mpaka akaitwa. Tunaendelea na dawa. Siku ya kliniki sasa haipangiwi kitu kingine, hata askofu akija.

Na wewe je? Kuna dada yako mkubwa aliyeacha shule ili usome. Kuna mama anayekwambia "mimi niko sawa" kila ukipiga simu. Kuna mfanyakazi wako wa nyumbani. Mashine yako bado inanguruma, ndiyo maana hujaangalia. Angalia leo. Usiulize "uko sawa?" Hiyo ni rangi. Keti naye, uliza jambo moja, kisha nyamaza usikilize.

Na kama wewe ndiwe umebaki kipande, usione haya kusema. Mungu hakukuita umalizike kimyakimya.

Tuombe: Bwana Yesu, tufungue macho tuwaone wanaochoka kwa ajili yetu. Tusamehe. Tufundishe kuwapumzisha. Amina.

Kabla hujaandika Amina hapa chini, mpigie mtu mmoja simu. Mbarikiwe.