Batian, Nelion na Lenana kwa Siku Moja

Mlima Kenya una majira mawili ya kupandwa, na ndiyo yanayompangia mpandaji njia. Kuanzia Juni hadi Oktoba jua hulemea kaskazini, miamba ya upande huo ikakauka, huku kusini kukibaki na baridi na barafu. Kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Anayetaka kuupanda uso wa kaskazini hadi Batian (mita 5,199), avuke hadi Nelion (mita 5,188), ateremke kusini mashariki na kumalizia Lenana (mita 4,985) kabla siku haijaisha, huyo hupita katika majira yote mawili kwa pumzi moja.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliisikia safari hiyo kwanza kwa waongozaji wa Naro Moru, wakati akiwa mpagazi kijana mwenye viatu vya kuazima. Kwao ilikuwa safari ya siku mbili. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana juu ya Nelion kulikuwa na mahali pa kulala.

Mahali penyewe ni kibanda kidogo cha bati, cha kuingia kwa kutambaa. Ian Howell alikijenga mwaka 1970. Vifaa vilidondoshwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis, naye akavipandisha kileleni kidogo kidogo, akiwa peke yake, kwa kuukwea mwamba huo mara 13. Tangu hapo wapandaji wengi walipanga kufika Nelion jioni, wajibanze humo, wateremke asubuhi.

Hata hivyo, kuunga Batian na Nelion kwa siku moja kulikuwa kumeshafanyika miaka 40 kabla ya kibanda. Mwaka 1930 Eric Shipton na Bill Tilman, vijana wawili Waingereza waliokuwa walowezi Kenya, walipanda Batian kwa mgongo wa magharibi ambao haukuwahi kupandwa, wakateremkia upande wa Nelion usiku. Mwaka mmoja nyuma yake Shipton na Percy Wyn-Harris walikuwa wamefika Nelion, watu wa kwanza kukikanyaga kilele hicho, kisha wakavuka hadi Batian. Kwa hiyo alipoteremka gizani na Tilman, Shipton alikuwa anaijua njia.

Kilichowachelewesha watu wa enzi hizo kilikuwa barafu zaidi ya mwamba. Halford Mackinder, aliyefika Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, alikutana na barafu ngumu kiasi kwamba aliipa jina la almasi. Kila hatua ilichongwa kwa shoka, na saa zikapotea hapo.

Mwandishi aliionja barafu hiyo mara ya kwanza alipovuka Lango la Ukungu, ule mwanya ulio kati ya Batian na Nelion. Walivaa viatu vya miiba ya chuma, wakaenda kwa zamu, mmoja akimshikia mwenzake kamba. Mzee aliyemwongoza hakuwa na maneno mengi. “Kijana, usikanyage usipopapiga shoka,” alimwambia. Kuvuka tu kulikula sehemu kubwa ya alasiri. Walilala kwenye kibanda cha Howell wakiwa wamekunja magoti, na ingekuwa wazimu kufikiria kuteremka siku hiyo.

Lango hilo leo si lile. Katika mwaka mkavu, Agosti hukuta mawe na vumbi mahali palipokuwa na barafu. Barafu ya Lewis, iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko nyingine zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mfereji wa barafu wa Diamond, ambao Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliupanda kwa mara ya kwanza mwaka 1973, sasa ni nadra kupandika.

Kwa mwenye haraka, mabadiliko haya yanaonekana kama zawadi. Mzigo umepungua: mashoka na viatu vya miiba mara nyingi hubaki kambini. Upande wa Nelion, boliti zilizotobolewa mwambani zinamwonyesha mtu pa kufunga kamba na kuteremka, kituo baada ya kituo, badala ya kutafuta kwa tochi.

Lakini barafu ilikuwa pia gundi ya mlima. Ikiyeyuka, mawe iliyoyashika huanguka. Miamba ya Batian haikuwa ya kuaminika hata zamani: Septemba 1970 jiwe lilimponyoka daktari Gert Judmaier wa Austria karibu na kilele, akavunjika mguu vibaya na kukaa juu siku nyingi kabla ya kuokolewa. Michango ya Waaustria iliyofuata ndiyo iliyojenga Austrian Hut, chini ya Lenana.

Siku mwandishi alipounga vilele vyote vitatu, waliondoka kambi ya Shipton usiku wa manane, yeye na mwongozaji wa Nanyuki. Jua liliwakuta kwenye miamba ya chini. Mnara wa Firmin, sehemu ngumu kuliko zote, waliupanda vidole vikiwa vimeshapata joto. Batian walikula mkate wakiwa wamesimama. Langoni waliruka kutoka jiwe hadi jiwe, wakisikia mengine yakiporomoka chini yao. Kibanda cha Nelion walikipita bila kukifungua. Kamba zilipovutwa mara ya mwisho, giza lilikuwa limeingia, na Lenana ilikuwa kutembea tu, ingawa kwa miguu iliyochoka kutembea huko si kudogo.

Kasi hiyo ilitokana na mzigo mwepesi, boliti na njia iliyojulikana. Hatari ya mlima haikupungua. Anayetaka kujaribu achague Agosti, alale siku kadhaa juu ya mita 4,000 kwanza ili mwili uzoee, aache jina na mpango wake kwenye lango la hifadhi, na akubali kulala Nelion saa zikimpita. Kofia ngumu isivuliwe kabla ya Austrian Hut.