Barua kutoka Birmingham: Na anayeuguza, hajambo?

Ndugu zangu,

 

Jirani yangu hapa, mama wa kwetu Tanga, anamuuguza mumewe aliyepatwa na kiharusi. Usiku huamka kumgeuza asipate vidonda, asubuhi humwogesha, kisha humlisha uji polepole asipaliwe. Ukimuuliza hali yake, hukujibu hali ya mgonjwa. Majuzi nilimkuta jikoni kasimama mbele ya sufuria, vitunguu vimeungua, hana habari. Vidonge vyake mwenyewe vya presha vilikuwa mezani, pakiti haijaguswa.

Tunaziona dalili hizi na kuzipita: usingizi unampaa anayeuguza hata mgonjwa akilala, hasira za ghafla halafu majuto, harusini na msibani haonekani tena. Sisi humwambia avumilie, thawabu zake ziko kwa Mungu. Thawabu naziamini, lakini naye ni mwili wa nyama, anachoka.

Hapa England, sheria ya mwaka 2014 inaitaka halmashauri imsikilize anayeuguza kwa haki yake mwenyewe: anapumzika? Anaweza kuendelea, na anataka kuendelea? Anayeuguza saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kupata posho akitimiza masharti. Posho yenyewe ni ndogo. Kilichomfaa jirani yangu zaidi ni msaidizi wa asubuhi, maana sasa walau anapata kulala, na kliniki amerudi.

Nyumbani halmashauri haitatufanyia hayo, lakini watoto wa mzee mmoja tupo wengi, na kundi la WhatsApp tunalo. Sisi wa ughaibuni tunatuma hela ya dawa na nepi tukaona tumemaliza, huku dada mmoja, au mke wa kaka, hana hata Jumamosi yake. Familia ikae kikao. Walio karibu wagawane usiku, kwa majina na siku. Tulio mbali tulipe msaidizi kila mwezi, kama tunavyolipa ada za watoto. Tukipiga simu tumuulize anayeuguza kwanza, na akilalamika tumwache alalamike.

Na akisema amechoka kuishi, au anaogopa atampiga mgonjwa, msimsute. Mtu aende akae na mgonjwa siku hiyo hiyo, yeye apelekwe hospitali.

Ndugu yenu,
Birmingham