Simu ya Bei Kali na Mkono wa Mkaguzi



Tunawasikia vijana wetu wakiambiana kuwa kitu cha ghali hakina kasoro, na mwenye simu ya bei rahisi anachekwa. Sisi hatukubaliani na jambo hili.

Hapa Unyanyembe biashara ni ya zamani. Misafara ilitembea miezi kama mitatu kutoka Bagamoyo, ikibeba merikani, kaniki na shanga. Mnunuzi aliishika nguo mkononi akaitazama, na shanga za rangi isiyotakiwa mahali hapo zilikataliwa. Simu ya leo huwezi kuikagua hivyo. Betri imefungwa ndani kwa gundi, kwa hiyo ukaguzi wote tumemwachia mtengenezaji, na ndio maana tunamlipa ghali.

Kuhusu simu feki, TCRA ilizizima nchi nzima usiku wa tarehe 16 Juni 2016, ndani ya Ramadhani ya mwaka 1437. Watu walibonyeza *#06# kuitazama namba. Lakini namba ile haikuambii kama betri ni nzima.

Ushahidi ulikuja mwaka huohuo. Mwezi Agosti Samsung ilitoa Galaxy Note 7, simu ya zaidi ya dola 800 huko Marekani. Zikaanza kushika moto. Tarehe 2 Septemba kampuni ikatangaza kubadilisha simu kama milioni 2.5, na zile za kubadilishia nazo zikaungua! Oktoba utengenezaji ukasimamishwa kabisa. Januari 2017 wakaeleza sababu: betri zilitoka kwa watengenezaji wawili, na kila mmoja alikuwa na ubovu wake. Za kwanza zilibanwa pembeni. Za pili zililehemiwa vibaya, na nyingine hazikuwekwa utepe wa kukinga. Baada ya hapo wakaweka ukaguzi wa betri wa hatua 8. Swali letu ni kwa nini haukuwapo tangu mwanzo.

Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu ili watu waione. Tazameni, hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuficha. Kwa kipimo hicho, kampuni iliyosimama hadharani ikataja ubovu wake ni afadhali kuliko muuzaji anayekaa kimya.

Na wa kimya wapo. Mzazi mmoja wa hapa, mkulima wa tumbaku, alinunua simu mpya ya bei kali kwa fedha ya msimu, ili tuwarekodi watoto wanaohifadhi Juzuu Amma. Mwezi wa pili kioo kikatoka mstari wa kijani. Fundi akasema si feki, ni orijino iliyotoka kiwandani na ubovu. Dukani wakamwambia ameiangusha. Bahati nzuri alikuwa na risiti na karatasi ya dhamana, akashikilia haki yake, akasafiri nayo mpaka Dar es Salaam kwa nauli yake. Huko waliifungua mbele yake, wakakuta haijaanguka wala kuingia maji, wakambadilishia. Nauli hakurudishiwa.