Bujumbura: Umeme wa Mtoni, Makaa ya Mlimani

Mto Ruzizi huanza safari yake katika Ziwa Kivu, ukateremka karibu mita 700 kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 100, na hatimaye kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, magharibi kidogo ya mji wa Bujumbura. Katika mteremko huo ndimo ilimojengwa mitambo inayosaidia kuwasha taa za mji. Mtambo wa kwanza, ulio karibu na Bukavu, ulijengwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Wa pili ulianza kazi mwaka 1989, nao ni mali ya nchi tatu kwa pamoja: Burundi, Rwanda na Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Maji yaliyokwisha kuzungusha mashine huko juu hufika ziwani kama mto wa kawaida, wenye viboko na mamba, na watu wa mji huenda kuutazama siku za mapumziko bila kukumbuka kwamba ndio uliowapigia pasi nguo zao.

Umeme mwingine hutoka katika bwawa la Rwegura, kwenye milima ya msitu wa Kibira, ambako mtambo wa megawati 18 ulianza kazi mwaka 1986. Mwaka 2021 ulizinduliwa mtambo wa nguvu za jua huko Mubuga, katika eneo la Gitega. Tena yako maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera, ambayo mtambo wake wa megawati 80 hugawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, mwaka 2022 ni takriban mtu mmoja tu katika kila watu kumi nchini Burundi aliyekuwa na umeme, na wengi wa hao walikuwa mijini. Mkazi wa Bujumbura aliye na waya nyumbani ni mtu mwenye bahati, ijapokuwa hatakubali kuambiwa hivyo usiku ule taa zinapozimika.

Katika nyumba nyingi mita ni ya kulipia kabla, jamaa ya ile ambayo Watanzania huiita Luku. Huku huitwa Cash Power. Baba hununua yuniti, mama huingiza tarakimu, na watoto hujifunza kusoma namba ndogo zinazopungua ukutani kabla hawajajifunza kusoma saa. Mita ya namna hiyo ni mwalimu mkali, kwani hungojei ankara ya mwisho wa mwezi ndipo ushtuke, bali hasara yako waiona papo hapo.

Hebu tutazame hesabu yenyewe, maana si ngumu. Taa ndogo ya kisasa ya wati 9 yaweza kuwaka saa 111 kwa yuniti moja, yaani usiku ishirini na mbili ikiwa huwashwa saa tano kila usiku. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo huimaliza yuniti hiyo hiyo kwa saa moja. Ndiyo sababu mke wa askari, ambaye mumewe hawezi kwenda gwaride na suruali isiyo na mstari, hufanya vema kupiga pasi sare zote za juma kwa mara moja, badala ya kuipasha moto pasi kila alfajiri kwa shati moja. Tena wapo wasioliachia shirika la umeme jambo kubwa kama hilo. Pasi ya mkaa bado ina heshima yake, nayo haina habari na kukatika kwa waya.

Kuhusu simu, wazee wengi huilaumu kuwa ndiyo inayokula umeme. Wanaisingizia. Yuniti moja hutosha kuijaza simu ya kawaida mara hamsini hivi. Ikiwa kuna kitu chenye gharama katika simu, ni vocha na maneno mengi.

Tena, kwa familia za askari simu si mchezo. Tangu Desemba mwaka 2007 hadi mwisho wa mwaka 2024 Burundi ilikuwa na majeshi Somalia, katika kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Afrika. Kwa muda wa miaka kumi na saba zilikuwapo nyumba katika mitaa ya Bujumbura ambamo baba alikuwa sura katika kioo cha simu. Zamani mtu aliyekuwa mbali hivyo alipelekewa picha moja kwa mwaka. Familia nzima ilivaa nguo za Idi au za Krismasi, ikasimama mbele ya pazia la mpiga picha, mtoto mdogo akashikwa mkono asikimbie, na picha ikatiwa katika bahasha pamoja na barua. Sasa mtoto hupigwa picha siku aotapo jino, na baba huliona jino hilo kabla ya jioni, mradi simu ina moto. Ikizima kwa kukosa umeme, kinachokosekana nyumbani si burudani. Ndipo utakapoona mama mwenye busara akimpeleka kijana mkubwa kwenye kibanda chenye kipande cha sahani ya jua juu ya paa, alipe sarafu chache na kungoja.

Wapiga picha wenyewe hawajafa njaa. Bado watu huhitaji picha ndogo za vitambulisho, na maarusi hawaridhiki bila picha za kutundika ukutani. Lakini mashine ya kusafisha picha hutegemea waya uleule, na umeme ukikatika arusi hungoja. Ni vizuri pia familia isitegemee simu peke yake. Simu huibwa, huanguka majini, huharibika, na picha za miaka mitatu zikapotea nayo kwa dakika moja. Picha tano au sita zilizochapishwa na kuwekwa katika albamu hazigharimu sana. Na kwa wasomaji wetu waliovaa sare haihitaji kuelezwa kwamba kambi, mitambo na majengo ya serikali si mahali pa kujipigia picha.

Sokoni, tangu lile Soko Kuu lilipoteketea kwa moto siku ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi walitawanyika sehemu nyingi, na wengi wakakusanyika katika soko ambalo wenyeji huliita kwa Siyoni. Mtaa wa Buyenzi hauko mbali, nao ndio makao ya zamani ya Waswahili wa mji huu, wenye njia zilizopewa namba badala ya majina, na mafundi wanaoweza kuifufua gari iliyokwisha kusomewa hitima. Huko Kiswahili si lugha ya kujifunza shuleni, ni lugha ya kupatana bei. Katika masoko ya mji taa za jua hupangwa kando ya vitunguu, na mnunuzi hana budi kuijaribu taa mbele ya muuzaji, kisha aulize betri yake yaweza kubadilishwa au la. Taa isiyofunguka ni ya kutupwa baada ya mwaka.

Lakini yote haya, taa, pasi, simu na picha, ni mambo madogo ukiyalinganisha na chungu cha maharage.

Mgeni asimamapo asubuhi katika barabara itokayo Bugarama atauona ukweli huo ukiteremka kwa baiskeli. Milima iliyo mashariki ya mji hupanda zaidi ya mita 2,000, na kutoka huko vijana hushuka na magunia ya makaa yaliyofungwa nyuma ya tandiko, marefu kuliko wao wenyewe, breki zikilia katika kila kona. Wakati wa kurudi hujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima, mkono mmoja kwenye chuma na mmoja kwenye usukani. Ni kazi ya hatari kubwa, na wanaoifanya wanajua. Mji wapaswa kujua nao, kwani zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nguvu zote zinazotumiwa nchini Burundi hutokana na kuni na makaa. Umeme wa mtoni huwasha taa. Wali na maharage hupikwa na mlima.

Na mlima hulipa bei kubwa. Katika tanuri ya udongo kilo moja ya makaa hula kilo sita mpaka kumi za kuni. Mikaratusi hukatwa, mvua hushuka juu ya ardhi tupu, na udongo huteremka ziwani pamoja na maji.

Imejaribiwa njia nyingine. Mwaka 1977 liliundwa shirika la serikali, Onatour, la kuchimba ule udongo mweusi wa mabondeni uliofanyika kwa majani na mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa kambi za jeshi na magereza. Kwa jiko kubwa la kambi, lenye bomba la moshi na wapishi wa zamu, ulifaa. Akina mama wa mjini hawakuupenda, kwa sababu ya moshi na harufu, na katika hilo walikuwa na haki: jiko la kambi liko uani, jiko la mama liko karibu na kitanda cha mtoto.

Je, umeme usipike? Jiko la wati 1,500 likiwaka saa mbili hutumia yuniti tatu, yaani chakula cha simu moja kwa mara mia na hamsini, kwa chungu kimoja cha maharage. Kwa mshahara wa askari wa kawaida hesabu hiyo haikubali. Kwa hiyo mbabula, ndivyo jiko la makaa liitwavyo huku, itaendelea kuwako, na akili ya nyumbani ndiyo itakayopunguza gunia. Mbabula iliyojengewa udongo ndani hushika joto kuliko ya bati tupu. Chungu kifunikwe. Makaa yaliyobaki yazimwe na kuwekwa, yasiachwe yaishe bure baada ya chakula kuiva. Zaidi ya yote, maharage yalowekwe tangu usiku, maji yale yamwagwe asubuhi, na yapikwe kwa maji mapya. Yaliyolowekwa huiva upesi zaidi sana kuliko yaliyotiwa chunguni makavu, na tofauti hiyo huonekana katika gunia kabla mwezi haujaisha.

Saa ile bakuli la maharage linapowekwa kando, wavuvi wa dagaa, ambao huku huitwa ndagala, wamekwisha kuingia ziwani. Nao huishi kwa mwanga, kwani samaki hao hufuata taa, na usiku wa mbalamwezi kali wavuvi hawapati kitu. Zamani walitumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wana taa za betri, ambazo mchana hupelekwa kujazwa umeme, kisha jioni hurudishwa majini, mahali Ruzizi unapoishia.