Kiroba cha Mahindi Nyuma ya Pikapu

Mwaka juzi, siku ya Ijumaa, nilisimama katika ua wa msikiti wetu hapa Sumbawanga nikiwa na funguo za gari mkononi. Pikapu ya msikiti ilikuwa mbele yangu, ina mafuta na betri yake nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuiendesha. Ndugu yetu anayejitolea kwa kazi hiyo alikuwa amesafiri, na maiti alikuwa hospitalini tangu usiku akisubiri kupelekwa kwao Muze, bondeni. Mimi, katibu wa kamati, niliyesoma chuoni mlango mzima wa mazishi na ninayeweza kuueleza bila kufungua kitabu, sikujua hata gia ya kwanza iko upande gani.

Tulihangaika kutafuta gari la kukodi, likapatikana baada ya Alasiri. Tumeamrishwa kuharakisha mazishi, nasi tulizika kwa mwanga wa tochi. Mtoto wa marehemu alinishika mkono na kunishukuru kwa juhudi zangu. Angenilaumu, ningelala vizuri zaidi.

Kwa msomaji asiyeifahamu Ufipa, mji wetu umekaa juu ya uwanda, yapata meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko chini kwenye meta 800 hivi. Katikati ndipo ulipo ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na barabara itokayo Ntendo kwenda Muze haina budi kuuteremka kwa kona baada ya kona. Si njia ya kujifunzia.

Nikaomba leseni ya kujifunzia, nikajiandikisha darasani, nikajua alama za barabarani. Hayo yalikwenda haraka. Mwalimu wangu wa kweli alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi magari aliyewahi kufanya kazi gereji Nairobi. Sina budi kukiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikimsema kijana huyu mbele ya dada yake, kwa kuwa hatumwoni msikitini ila Ijumaa kwa Ijumaa. Nilipomwendea, alifuta mikono kwa kitambaa, akasema: “Hewala, ustadh. Lakini uwanjani mimi ndiye mwalimu.”

Huko Nairobi alikuwa akienda kutazama mashindano yaitwayo autokrosi, ambayo Wakenya huyafanya kwenye viwanja vya vumbi. Wamarekani huyafanya kwenye maegesho mapana, wakipanga koni za plastiki, na kila koni iangushwayo humwongezea dereva sekunde 2. Mtu hashindani bega kwa bega na mwenzake. Hushindana na saa. Mimi nilidhani ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Yeye akasema ni shule, kwa sababu mgeni hujifunza kona zote katika uwanja mtupu asipoweza kumgonga mtu. Akapanga makopo ya rangi kwenye uwanja wa mpira.

Siku ya kwanza hakunipa funguo. Alinitembeza kwa miguu kati ya makopo yale mara tatu, kama wafanyavyo washindani kabla ya kuingia garini, akiniuliza kila hatua: hapa utapunguza wapi, utakata wapi? Siku ya pili gari lilinizimikia mara nisizoweza kuhesabu. Watoto wa madrasa walikuwa wamejipanga ukingoni mwa uwanja, na vicheko vyao nilivisikia vizuri. Nikamwomba shemeji tuwe tunakuja baada ya Alfajiri, wasikuwepo watu. Akanijibu kwa upole kwamba barabarani nako watu watakuwepo.

Kosa langu kubwa lilikuwa jicho. Nilikuwa nikilikazia kopo macho nisiligonge, nami nikaligonga kila mara. “Ustadh, usitazame kopo. Tazama unakokwenda.” Nilipoanza kutazama kopo la mbele zaidi, mikono ikafuata yenyewe.

Kisha akaleta kiroba cha mahindi, madebe mawili, akakisimamisha nyuma ya pikapu bila kukifunga. “Huyu ndiye abiria wako,” alisema. “Akianguka, tunaanza upya.” Sikuhitaji kuelezwa. Maiti ana heshima yake kama aliye hai, na jeneza lisitupwe huku na huku kwa sababu ya mguu wa mtu mwenye papara. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake, na kwamba klachi huachiwa taratibu. Kiroba kilianguka wiki nzima. Mke wangu akawa ananiuliza jioni: “Marehemu hajambo?”

Kuhusu mteremko alinisisitizia sana. Ukining’inia kwenye breki muda mrefu, zinashika moto, mafuta yake yanachemka, na pedali inazama hadi sakafuni gari lisishikike. Teremka kwa gia ndogo, injini ndiyo ikuzuie, na breki uiguse kwa vipindi. Kabla ya kuondoka, kagua upepo wa matairi, kisha ondoa kila kitu kinachobingirika. Chupa ya maji ikiingia chini ya pedali, yamekwisha.

Kwa wiki sita nilikuwa mwanafunzi wake. Hakunisema hata siku moja.

Nilipopata leseni tuliteremka Muze pamoja, kiroba nyuma. Mashati yaliloa jasho kabla hatujafika chini, langu kwa hofu zaidi kuliko joto la bonde. Shemeji alishuka, akazunguka nyuma kutazama. Kiroba kilikuwa kimeegemea ubavu wa gari, lakini kimesimama. Tukamwachia mwalimu wa madrasa ya pale mahindi yake.

Simu ilikuja miezi miwili baadaye, usiku, baada ya Isha. Mama mmoja wa bondeni alikuwa amefariki hospitalini. Baada ya Alfajiri tulimswalia, jeneza likapandishwa na kufungwa vizuri. Shemeji, ambaye asubuhi ile alikuwa safu ya pili, alikaa pembeni yangu kimya. Nilikagua matairi, nikatoa chupa ya maji chini ya kiti, nikasoma dua ya safari. Ukingo ulipoanza, niliweka gia ya pili.